Kimya cha Abti Redioni

Leo tumesifu kifo tukidhani ni muziki.

Mnamjua Abti, yule mzee wa redio yetu hapa Garissa. Miaka ishirini anatupigia sauti ambazo stesheni zingine hazigusi: kengele za ngamia, mngurumo wa jenereta, kanda za muziki zilizofukiwa ardhini wakati wa vita kule ng'ambo ya mpaka.

Saa kumi jioni, katikati ya kipindi, sauti ikakatika.

Dukani tulipokuwa tunasikiliza, hakuna aliyeshtuka. Halima mwenye duka akasema, "Wallahi, leo ametuletea kali kuliko zote."

Nikaongeza sauti. Dakika saba tunasikiliza kimya, macho tumefumba.

Kumbe amelala juu ya meza ya studio, peke yake, anakata roho.

Inna lillahi.

Nani mwingine alikuwa anasikiliza? Mlipiga simu studio, au na nyinyi mliongeza sauti?