Fomu Themanini na Nane za Umurerwa

Mimi niliishia darasa la sita, lakini madaktari watatu wa hapa Huye wamesoma kwa nguvu ya maziwa yangu. Waulizeni wenyewe. Duka langu liko mbele ya lango la chuo cha udaktari, na jingine la maziwa hulipati mpaka ushuke sokoni.

Umurerwa ni mtoto wa dada yangu wa Nyaruguru. Msichana huyu hufua hata kamba za viatu. Tangu mwaka wa kwanza, alipochungulia tone la maziwa kwenye hadubini, hakugusa tena kikombe changu. Mwaka wa nne akapewa utafiti: wanafunzi wenzake wanajua nini kuhusu bakteria wema wa tumboni, wanawaonaje, na je, hunywa ikivuguto, maziwa yetu ya mgando, ili kuwapata? Mwenye utafiti bora angekwenda Kigali kuusoma mbele ya maprofesa. Umurerwa alikuwa ameshaazima viatu vya safari.

Ijumaa akaingia na furushi la fomu.

"Mjomba, themanini na nane! Wote wanajua, wote wanapenda, wote wanakunywa kila siku!"

Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa.

"Sasa unacheka nini?"

"Wanakunywa wapi?"

"Si hapa kwako?"

"Mwanangu, kwa siku natoa lita ishirini, na nusu yake wanamaliza vijana wa baiskeli za abiria. Wangekunywa wote hao, leo ningeitwa mheshimiwa. Wenzako ni watu wa soda. Tumbo likiwasokota, mbio duka la dawa, wanameza vidonge vikali bila kumuuliza mtu."

"Kwa hiyo wamenidanganya?"

"Wamefanya mtihani. Mwanafunzi wa udaktari ukimpa karatasi, anaandika jibu la kupata alama."

Akakaa kwenye benchi. "Hata mimi nilijaza moja, ya kujaribia."

"Ukaandikaje?"

"Kila siku."

Utani ulikuwa umenijaa mdomoni, nikaumeza. Nikamwambia, "Peleka tu hivyo hivyo Jumatatu. Nani atakuja kupima maziwa yangu?"

"Mjomba, hawa ndio watakaowaandikia watu dawa."

Nikachukua kitambaa, nikafuta maziwa niliyomwaga.

Jumatatu akamweleza mwalimu wake kila kitu. Safari ya Kigali akapewa mwingine. Yeye akapewa miezi miwili aanze upya. Jumanne akaja macho yamevimba, mkononi fomu mpya. Swali la kwanza: Jana, tangu asubuhi hadi kulala, ulikunywa nini?

"Ninalijaribu kwako kwanza, Mjomba."

Nikavuta pumzi niseme mgando, vikombe vitatu. Kalamu yake ikasubiri. Hakutabasamu.

"Chai asubuhi," nikasema. "Jioni pombe ya ndizi, chupa mbili. Andika. Ila mke wangu asiione hiyo karatasi."

"Na maziwa?"

"Maziwa nauza."

Akaandika.