Msagaji Aliyepotelewa na Sabato Kwenye Mafuriko

Saa kumi na mbili jioni, siku ya Ijumaa, Ratemo Onsongo anachungulia kwenye mlango wa kinu, unga umemjaa hadi kwenye nyusi. Anauliza swali ambalo mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye akili zake timamu, hapaswi kuuliza.

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa, japuonj!" wanawake waliopanga madebe yao wanamjibu kwa pamoja, wakimwita mwalimu kwa Kijaluo, kisha wanaangua kicheko.

Bado hajaridhika. Anamgeukia mzee aliyeegemea baiskeli, naye anathibitisha kwamba kweli ni Ijumaa. Ndipo Ratemo anarudi ndani kumaliza madebe ya mwisho kabla jua halijazama.

Katika soko hili dogo, nje kidogo ya Kendu Bay, kila mtu anajua swali hilo lilianzia wapi. Mwenyewe aliona haya kulisimulia kwa miezi mitatu.

Ratemo ni Mkisii na Msabato. Alifika hapa mwaka 1989 akitafuta kazi, akaipata kwa Benta, mwenye kinu, ambaye ni Mkatoliki. Ila alikuja na sharti: hatasaga kuanzia jua la Ijumaa linapozama hadi lizame tena Jumamosi. Na Jumamosi ndiyo siku ya soko.

"Nilimuuliza, wewe unaomba kazi ama unanipa masharti?" anakumbuka Benta. "Lakini alikuwa anajua mashine, huyo mtu. Nikasema wacha tu, atachoka na hiyo maneno."

Hakuchoka. Alikubali kulipwa shilingi 1,800 kwa mwezi wakati wasagaji wengine wakipata 2,500. Waliomwita mkaidi walikuwa wengi, na mimi nakiri kwamba ningekuwa mmoja wao.

Kanisani alikabidhiwa darasa la lesoni ya Sabato. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa kusimama imara wakati wa majaribu: Danieli kati ya simba, na wale vijana watatu wa tanuru la moto. Hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Mwanafunzi akikiri kwamba ameteleza, Ratemo alimtazama kama mteja aliyeleta mahindi mabichi kinuni.

Kisha zikaja mvua za El Nino. Desemba iliyopita maji yalikata barabara pande zote mbili, na familia zaidi ya arobaini zikahamia kwenye madarasa ya shule iliyo juu ya kilima, karibu na kinu. Mahindi yalikuwepo katika stoo ya shule. Mashine ya kuyasaga ilikuwa moja, na msagaji mmoja.

Ratemo alisaga usiku na mchana, akilala vipande vipande juu ya magunia. Redio iliisha betri. Kalenda ya ukutani ililowa, ikadondoka. Jua lenyewe halikuonekana.

Alfajiri moja, baada ya kusaga usiku kucha, alijilaza. Alipoamka nje kulikuwa na utusitusi uleule, akajilaumu kwamba amelala mchana mzima na usiku wake. Kumbe alikuwa amelala saa mbili tu. Tangu hapo hesabu yake ya siku ikawa mbele kwa siku moja.

Basi Alhamisi jioni alizima mashine, akidhani ni Ijumaa. Ijumaa nzima alipumzika na kuomba, huku watu wakiwa na njaa pale kilimani. Jumamosi akaamka mapema, akasaga kutwa.

Aligundua kosa siku iliyofuata, alipomwona Benta na akina mama wengine wakipita na rozari mikononi.

"Nikawauliza, kwani siku hizi mnasali Jumatatu?" anasimulia. "Mama Benta akanitazama sana. Akaniambia, 'Ratemo, leo ni Jumapili.' Nilikaa chini pale pale, kwenye matope."

Alimwambia mzee wa kanisa atafute mwalimu mwingine. "Nilikuwa nimewakazia watu miaka minane," anasema. "Sasa ningewaambia nini? Niliogopa watasema imani yangu ilikuwa ya siku za kawaida tu, mtihani ukaja, nikaanguka." Akahamia benchi la nyuma. Darasa nalo likakataa mwalimu mwingine, likawa linajisomea lenyewe.

Hali ilibaki hivyo hadi wiki iliyopita, Filister alipoleta mahindi yake. Filister ni mama wa watoto watano, Mkatoliki, na alikuwa miongoni mwa waliokimbilia shuleni. Aliposikia kwa nini Ratemo hafundishi tena, alicheka hadi akaweka debe chini.

"Mimi nilijua hiyo siku ni Ijumaa!" anasema. "Nikaona amefunga, nikafikiri labda hawa Sabato wameongezewa siku juu ya hii mvua. Tukasaga na mawe, mikono ikatoka malengelenge. Lakini mtu amekataa pesa ya soko miaka yote hiyo juu ya Mungu wake, nitamgongea mlango nimwambie nini? Halafu Jumamosi akafungua. Nikasema, Nyasaye, Mungu mwenyewe, amemruhusu atuhurumie."

Ratemo alilia mbele ya wateja, na haoni aibu kulisema hilo. Ulikuwa mzigo wa miezi mitatu, na ulishuka mara moja.

"Nilikuwa nafundisha kama vile Danieli aliwafunga simba midomo yeye mwenyewe," anasema. "Kumbe mimi nilipopotea, kuna watu walikuwa wananishikia Sabato yangu. Tena watu wasio wa kanisa langu."

Kesho atasimama tena mbele ya darasa. Amepanga kuanza na habari ya matope, kisha ndipo aingie kwa Danieli. Baadaye mwaka huu anataka kuanzisha darasa la vijana, na anaahidi kwamba atakayekiri kuteleza humo atapewa kiti kwanza.

Debe la mwisho linajaa. Ratemo anazima mashine, na ghafla soko zima linasikika. Filister anajitwika unga wake, anapiga hatua chache, kisha anageuka.

"Kesho ni Jumamosi, japuonj," anamwambia. "Nikisikia hiyo mashine, nakuja kuizima mwenyewe."