Jani Mbele, Mguu Nyuma

Siku ya kwanza ya kazi sikupewa bunduki wala kofia. Nilipewa panga, nikaambiwa nikate matawi mabichi. Nilikuwa kijana wa darasa la sita tu, nimeota kulinda tembo, na sasa nakata majani kama mwenye mbuzi. Kidogo nirudi nyumbani.

Ndani ya parc yetu, hifadhi ya wanyama, kuna bonde ambalo tope linachemka lenyewe, bila kuni. Linatokota kama bugali mwepesi, linanuka yai bovu. Visima vyake tuliviita vyungu. Chungu si hatari sana, maana unakiona. Hatari ni ngozi, yaani udongo mkavu wa juu unaofunika tope la moto. Unauona kama uwanja wa mpira, kumbe unene wake ni wa chapati. Tena ngozi inahama: mvua kubwa moja, na mulipopita jana leo hamupiti.

Chef de poste wetu, yaani mkuu wa kituo, mzee ambaye galoni zake, alama za cheo mabegani, zilififia kwa kufuliwa, alinifundisha dawa yake. Alasiri unachomeka tawi bichi kila baada ya hatua tano. Kesho asubuhi unarudi kuangalia. Majani yakisimama, pita. Yakinyauka, chini kuna moto, hamisha njia.

“Petit, udongo haiogopake galoni,” aliniambia. “Jani mbele, mguu nyuma.”

Miaka ikapita. Kwa sababu ya mwandiko wangu nikawa secrétaire wa poste. Pisteur, yaani yule anayetangulia wageni, alikuwa Paluku. Paluku hakusoma shule, na alinichokoza kwa hilo kila asubuhi akielekea bondeni: “Secrétaire, weye bakia kuandika. Mi naenda kusoma.” Aliyokwenda kusoma ni majani.

Kisha tuliletewa Conservateur mpya, mkubwa wa parc nzima. Nitajaribu kumsema kwa haki, ingawa sijui kama moyo wangu unaweza. Alitengeneza paa la ofisi lililovuja tangu zamani. Alikataza wakubwa kupiga wadogo makofi. Lakini siku alipoona majani yetu bondeni, alikunja uso.

“Hii ni parc ao ni soko ya majani ya sombe? Wageni wanatoka mbali, munawaonyesha takataka?”

Akaleta nguzo nyeupe zenye namba, zikasimikwa kwa saruji safu mbili, njia ikipita katikati. Zilipendeza, sikatai. Paluku alizizunguka, akavua kofia mbele ya Conservateur.

“Chef, hizi nguzo ni muzuri. Lakini rangi hainyauke. Tutajua namna gani?”

“Alors weye ni ingénieur?”

Wote tulicheka. Mimi pia nilicheka. Majani yakakatazwa.

Mvua ilinyesha siku tatu. Siku ya nne Paluku alitangulia wageni wawili, akifuata nguzo kama alivyoamriwa. Kwenye nguzo ya saba ngozi ilipasuka, mguu wake wa kuume ukazama mpaka gotini ndani ya tope linalochemka. Wageni walituambia kwamba kabla ya kulia aliwapigia kelele: “Musisogee! Mubakie pale pale!” Wao hawakuungua hata ukucha.

Conservateur mwenyewe alimbeba mgongoni mpaka kwenye jeep, akamwendesha hospitali. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Aliporudi, suruali ikiwa bado na tope, aliniita niandike rapport ya ajali.

“Andika: agent aliacha njia yenye alama, kwa uzembe wake.”

“Chef, nimeenda kuangalia. Tundu la mguu wake liko ndani ya njia ya nguzo, hatua moja nzima.”

“Secrétaire, weye ulikuwa pale akianguka?”

“Hapana, chef.”

“Bon. Andika.”

Nikaandika. Mwandiko muzuri kabisa, bila kufuta hata neno moja.

Kwa karatasi ile Paluku alifukuzwa. Alikuja kuaga akiburuta mguu usiokunjika, akaniomba nimsomee. Nikamsomea.

“Rudilia pale pa njia,” alisema.

Nikarudilia. Akavaa kofia yake akatoka. Amekwisha kufa sasa, na sikumwomba msamaha.

Nilipostaafu nilimfuata binti yangu hapa Kisangani, nikidhani bonde lile nimeliacha kule. Juma lililopita Furaha, binti wa jirani yetu anayeuza vitenge, mwanafunzi wa chuo anayefanya utafiti kule msitu wa Masako, alirudi kutoka matembezi ya parc ile yetu. Akaketi kwangu akicheka.

“Papa, tumeona vyungu vyenu! Tena guide ametuonyesha nguzo ya yule mulevi. Anasema, musifanye kama Paluku, alikunywa lotoko akaacha njia.”

Mulevi! Karatasi yangu haikusema ulevi, lakini ndiyo iliyofungua mlango. Siwezi kuapa juu ya maisha yote ya mtu. Siku ile, lakini, alikunywa chai ya termosi yangu, nami nilimmiminia. Mtu ameunguzwa na amri ya mkubwa, amewaokoa wageni wa mkubwa huyo huyo, na leo jina lake ni mchezo wa kuchekesha watalii! Na nguzo zingali pale, Furaha anasema, zimepakwa rangi mpya!

“Papa, nimesema nini vibaya?” aliniuliza.

Nikamwambia yote. Hakucheka tena. Alivuta kiti karibu, akasema, “Donc papa, ni weye uliandika?”

“Ni mimi.”

“Basi andika tena.”

Sijui kama kuna atakayesoma daftari la mzee wa darasa la sita. Labda hata guide yule hana kosa, naye amefundishwa hivyo. Furaha atanakili ukurasa huu na kuupeleka kwa chef wa poste wa sasa. Vijana munaotangulia wageni, chomekeni majani, hata mukichekwa. Na kwenye rapport ile sahihisheni hivi: Pisteur Paluku, akiwa hajalewa, alipita ndani ya njia ya nguzo, mahali alipoamriwa kupita. Aliyeandika vingine alijua, naye ni mimi.