Mgonjwa Haachwi Peke Yake

Nilipomkuta Woluwe-Saint-Lambert, mtaa wa Brussels, katika nyumba ya wazee nilikopata kazi ya kuogesha na kulisha, alikuwa amelala chali, upande mmoja wa mwili umepooza. Kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, tulimwita Maman Docteur, yaani Mama Daktari. Ndiye aliyenitoa tumboni mwa mama yangu kwa kisu, na nilipokua akanifundisha uuguzi.

Alikuja kutoka Amerika kabla sijazaliwa. Enzi hizo hospitali za kwao hazikupenda mwanamke ashike kisu, na milimani kwetu hapakuwa na daktari hata mmoja wa kumnyima nafasi. Alianzia kwenye nyumba ya udongo, akipasulia juu ya meza ya chakula. Wanaume walimwita mchawi mpaka wake zao walipoanza kurudi nyumbani hai, na vichanga mgongoni. Baadaye akajenga hospitali yenye maternité, wodi ya wazazi, kisha shule ya wauguzi. Alikuwa mkali. Usiponawa vizuri, alikurudisha kwenye ndoo mbele ya wagonjwa. Uzee ulipomwelemea, wenzake walimleta Brussels kutibiwa, na hakurudi tena. Vita vilipoanza, hakukuwa na mtu wa kumweleza.

"Jambo, Maman Docteur," nilimwambia kwa Kiswahili cha kwetu.

Alinikazia macho. "Weye ni wa kwetu."

"Ndiyo, maman. Ulinifundisha."

"Bon. Hospitali iko namna gani?"

Nilisimama na taulo mkononi. Ingekuwa rahisi kusema iko salama. Lakini huyu ndiye aliyemwambia mama yangu, macho kwa macho, kwamba hatazaa tena. Hakuwahi kumficha mtu ugonjwa wake.

"Ilivunjwa, maman. Askari balikuja asubuhi. Balibeba dawa na magodoro, maternité bakaichoma."

"Na bagonjwa?"

"Benye baliweza kutembea, tulikimbia nabo. Bengine balibakia."

"Nani alibakia nabo?"

Nilimtajia muuguzi mkuu, mwanafunzi wake wa kwanza, ambaye walizeeka pamoja kazini. Tulimvuta mkono, akakataa. Alisema Maman Docteur alimfundisha kwamba mgonjwa haachwi peke yake.

"Alikufa?"

"Alikufa, maman. Pamoja nabo."

Akasema taratibu, "Nilipaswa kumufundisha kukimbia pia."

Tangu siku hiyo alikataa chakula. Nilimpelekea supu, akafumba mdomo kama mtoto. Mkuu wa zamu alisema tumwache, ni uzee. Mimi niliketi kando ya kitanda nikamsimulia habari za mwanamke aliyeshikwa na uchungu njiani, msituni, tulipokuwa tunakimbia.

"Kitovu ulikata na nini?" aliuliza ghafla.

"Wembe. Niliuchemsha ndani ya kopo."

"Mikono?"

"Nilinawa na majivu, sabuni haikuwepo."

"Mama yake?"

"Damu ilikataa kusimama. Nilimukanda tumbo kama ulitufundisha. Akafa."

"Mutoto?"

"Nilimuacha kambini na nyanya yake. Alikuwa analia kwa nguvu."

Hakunisifu, wala hakunilaumu. Alikunywa supu kidogo, akasema haina chumvi. Kuanzia hapo tulizungumza kila zamu yangu, karibu kila mara juu ya marehemu. Alitaka kujua kila mmoja alikufaje, kama daktari anavyotaka kujua.

Alifariki majira ya baridi. Mpwa wake alikuja kutoka Amerika, mwanamume mpole asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Kutoka Ixelles, mtaa mwingine wa Brussels, walikuja kina mama wachache wa Kivu, wamejifunga vitenge juu ya makoti, wawili kati yao wamezaliwa mikononi mwake. Makaburini mchungaji alisema kwa Kifaransa kwamba ametimiza kazi yake na sasa anapumzika. Mvua ilikuwa ya theluji, akafupisha sala.

Mchungaji alipoondoka, mmoja wa wale mama aliniuliza, "Na muuguzi mukubwa, yeye balimuzika wapi?"

"Hakuna mwenye anajua," nilijibu.

Basi akalitaja jina la muuguzi juu ya udongo ule mbichi, kwa sauti. Tukataja na majina ya wagonjwa tuliowakumbuka. Mpwa alivua kofia, akasimama nasi kwenye baridi hadi tulipomaliza.