Mkata Tiketi Aliyeogopa Ndege

Kwenye kiwanja kidogo cha ndege kisiwani, mkata tiketi alikuwa akiulizwa swali lilelile kutwa nzima: hadi kisiwa cha pili ni mbali kiasi gani? Naye hujibu bila kuinua macho, "Kilomita mia na ishirini. Nusu saa tu, peremende haijaisha mdomoni umeshafika." Watu hucheka. Wasichojua ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Akienda kwa mama yake huko kisiwa cha pili, hupanda meli, akatapika njia nzima, na bado akaona afadhali.

Asubuhi moja mdogo wake alimpigia simu kutoka hospitali.

"Dada, mama anapasuliwa leo alasiri. Amegoma kuingia mpaka akuone. Unamjua alivyo."

"Meli zimezuiwa, bahari imechafuka."

"Si una ndege hapo mlangoni kwako?"

"Mwambie nakuja."

Akajikatia tiketi, akamwachia mwenzake kaunta, akapanda. Kindege chenyewe kilibana kama soksi ya mtoto. Alikaza mkanda hadi tumbo likauma, akafumba macho kabla hata injini haijawaka. Walipokaribia kisiwa cha pili, mvua ilikuwa imefunika kila kitu. Rubani alizunguka, akazunguka tena, kiwanja hakionekani. Akatangaza kwamba wanarudi.

Wakashuka palepale walipopandia. Saa nzima na ushee angani, na hawajasogea hata hatua.

"Vipi, umesahau kitu?" mwenzake akamtania.

Abiria wengi walichukua mizigo yao wakaenda zao. Yeye mwili mzima ulimwambia arudi nyumbani, amejitahidi vya kutosha. Akamfuata rubani, aliyekuwa anakunywa chai amesimama.

"Utakwenda tena?"

"Mvua ikipungua. Lakini dada, nimeona hali yako. Si lazima iwe leo."

"Kuogopa nimeshaogopa, kaka. Sasa nataka kufika."

Mchana mvua ilipopungua, walipanda watu watatu tu, yeye akiwamo. Ndege ilirushwa huku na huku, akang'ang'ania kiti cha mbele, jasho likimtiririka, lakini macho hakufumba. Akaona ufuko, kisha mapaa ya mabati, kisha magurudumu yakagusa lami.

Alimkuta mama yake kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya chumba cha upasuaji, akibishana na muuguzi.

"Umekujaje wewe, na meli hakuna?"

"Kwa ndege, mama."

"Wewe?" Mama akamtazama juu hadi chini: kilemba kimekwenda upande, blauzi imelowa. Akamshika mkono, akaubana sana. Kisha akamgeukia muuguzi. "Haya, nisukumeni."

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki iliyofuata bahari ilitulia, meli zikaanza tena. Mdogo wake akauliza amkatie tiketi ya meli ya saa ngapi.

"Niache na ndege yangu," alisema. "Bado naogopa, na nikirudia meli sasa, sitaipanda tena."