Rangi ya Zambarau kwa Mzee Stegall

Orval Stegall hakuwa mchoyo wa msitu wake. Enzi za marehemu mkewe Wilma, kila Novemba msimu wa kulungu ulipokaribia, wawindaji wa milima ya Ozark walikuja mlango wa jikoni, kofia mkononi, kuomba ruhusa. Ruhusa ilichukua dakika. Soga zilikula asubuhi nzima. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na Orval alipona kweli.

Siku hizi vijana waliingia tu na ramani kwenye simu, hodi hawana. Nyumba ikawa kimya mpaka mzee akaanza kujibizana na redio. Ndipo akaikumbuka sheria ya jimbo lao la Missouri, Marekani: ukipaka miti ya mpakani rangi ya zambarau, mtu haingii bila idhini yako. Akapaka mpaka mgongo ukamlilia. Watake wasitake, watabisha.

Jumamosi ya kufungua msimu alioka mkate wa mahindi, akachemsha birika zima la kahawa. Hakuja mtu. Rangi iliwafukuza vijana, nao, kwa mara ya kwanza, wakawa na adabu. Bunduki zililia kwa jirani, na Orval akaumia kama mtoto aliyeachwa nje ya mchezo.

Adhuhuri kulungu aliyejeruhiwa alivuka mpaka, akaanguka nyuma ya ghala. Ng'ambo ya miti alisimama Lonnie Burdette, mtoto wa rafiki yake wa zamani. Hata kumfuata mnyama uliyempiga mwenyewe lazima uombe ruhusa. Orval akachana nywele, akaweka vikombe viwili mezani.

Mlango ukabishwa. Alikuwa afisa wa wanyamapori.

"Lonnie anaomba amchukue kulungu wake, mzee."

"Mbona hajaja mwenyewe? Huyo nimempakata akiwa mchanga."

"Anakuogopa. Wote wanakuogopa tangu upake ile rangi. Wanasema hutaki kuona mtu."

Orval aliushika mwimo wa mlango. 

"Mwambie achukue. Na umwambie nilitaka abishe hodi tu."

Afisa alicheka, akidhani anataniwa. Kahawa aliikataa, kazi zilikuwa nyingi. Kutoka dirishani Orval aliwaona afisa na Lonnie wakimburuta kulungu, vichwa chini, haraka haraka. Alimpungia Lonnie mkono. Lonnie aliuona, akaongeza mwendo.