Jumamosi kwa Mwandishi wa Kigiriki

Chumba cha mbele kilinuka vumbi la vitabu na kahawa iliyoungua, na mpaka leo harufu hiyo ikinipitia hujikuta nikitazama huku na huku kama askari. Ilikuwa nyumba nyembamba si mbali na kwetu Tottenham, imegeuzwa makumbusho ya mwandishi maarufu wa Kigiriki aliyewahi kupanga humo. Ilikuwa na miwani yake, kalamu zake, na koti ambalo nililishuku, maana lilionekana jipya mno. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki, na kila Jumamosi ya kiangazi kile mama, mtu wa Pemba asiyejua herufi moja ya Kigiriki, alivaa baibui lake zuri akaenda huko. Bibi mzaa baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alinituma niandamane na mama.

"Fungua macho, Salma," aliniambia. "Yule haendi kutazama miwani ya maiti."

Nilichokiona kilinitia wasiwasi. Mlinzi wa nyumba, mzee wa Kigiriki aitwaye Stavro, alimpokea mama kwa Kiswahili safi. Alizaliwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Walikaa dirishani wakizungumza habari za karafuu, mvua, na namna ya kulainisha pweza, mama akacheka. Nyumbani, ambako bibi alimjibu kwa mkato na mimi kwa Kiingereza, hakuwa amecheka tangu msiba. Nikampelekea bibi habari.

Jumamosi iliyofuata bibi alikuja mwenyewe, mkoba kaukumbatia kifuani. Mzee akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi alijibu shingo upande. "Unataka nini kwa mkwe wangu?"

Mama akatazama chini. "Mazungumzo tu," mzee alisema. "Mke wangu alikuwa mtu wa Pangani. Tangu afariki sina wa kuongea naye."

Bibi hakumwamini. Alivuta kiti akakaa katikati yao, na tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi. Alisema analinda, ingawa yeye ndiye aliyeongea kuliko wote.

Sasa bibi na mzee wote hawapo, na nyumba ile imekatwakatwa kuwa fleti za kupangisha. Mama anaishi nami. Juzi nilimwuliza kama alimpenda yule mzee.

"Nilipenda kujibiwa," alisema.

Zamani nisingemwamini. Lakini jioni ile nilimwita mwanangu, "Njoo ule, baba, chakula kinapoa," naye akanijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa tayari ananitazama.